Siku za Chekechea na Masomo ya Gredi ya 3

Kila mwanzo wa mwaka wazazi wengi katika kaunti hii huulizana swali lile lile wanapokutana sokoni, zahanati au msibani: mtoto wa miaka minne ana haja gani ya kwenda shule? Wapo wanaosema huko ni kucheza na kunywa uji tu, na kwamba kazi yenyewe itaanza atakapofika Gredi ya 1. Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba mtoto wa PP1 asiyerudi nyumbani na daftari lililojaa maandishi amepoteza siku. Makala haya yanawajibu wote wawili. Madai yao yanaweza kupimwa, na katika nchi kadhaa, yetu ikiwemo, yamepimwa.

Kwanza, nani anahusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto. Bunge lilipitisha baadaye Sheria ya Elimu ya Awali ya 2021 ili kueleza namna kazi hiyo itakavyofanywa. Katika mtaala wa sasa, chekechea ni miaka miwili, PP1 na PP2, kwa watoto wa miaka minne na mitano. Akifika miaka sita mtoto huingia Gredi ya 1, na hapo anakuwa chini ya serikali ya kitaifa, akifundishwa na mwalimu aliyeajiriwa na TSC. Mwalimu wake wa PP2 husajiliwa na TSC pia, lakini mwajiri wake ni kaunti. Mara nyingi madarasa hayo mawili yako katika uwanja mmoja, yanatumia choo kimoja na kengele moja. Mtoto anaona amehama mlango tu. Ukweli ni kwamba amevuka kutoka ofisi moja kwenda nyingine, na tutarudi kwenye jambo hilo kwa sababu lina uzito kuliko linavyoonekana.

Chekechea si kitu kigeni kilicholetwa na ugatuzi. Baada ya uhuru, wazazi wa Kenya walijenga shule nyingi za nasari kwa harambee, wakamlipa mwalimu kwa michango. Mwaka wa 1984 serikali ilianzisha kituo cha kitaifa cha elimu ya utotoni, NACECE, na baadaye vituo vya wilaya vya kuwafunza walimu hao. Halafu ikaja 2003, elimu ya msingi ikawa ya bure, nasari ikabaki ya kulipiwa. Baadhi ya wazazi wakafanya hesabu iliyo rahisi kuelewa: kwa nini nilipe nasari ilhali darasa la kwanza ni bure? Wakawaruka watoto wao moja kwa moja hadi darasa la kwanza, wengine wakiwa hawajawahi kushika penseli. Miaka michache baadaye, watafiti wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba mwaka wa 2011, walikuta kwamba ni watoto takriban 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili. Haingekuwa haki kuitwika nasari iliyorukwa lawama yote ya matokeo hayo. Madarasa yalikuwa yamefurika na walimu walikuwa wachache. Lakini takwimu hizo ziliwafanya watu wengi waanze kutazama nyuma, kwenye miaka kabla ya darasa la kwanza.

Ilivyopimwa kwingine

Ushahidi unaoifaa zaidi kaunti yetu, kwa maoni yangu, unatoka Argentina. Sababu ni kwamba hapo haukupimwa mradi mdogo wa wafadhili wenye mwalimu mmoja kwa watoto sita. Ilipimwa kazi ya serikali ya kawaida inayojenga madarasa ya umma ya kawaida. Katika miaka ya 1990 serikali ya nchi hiyo ilijenga vyumba zaidi ya 3,500 vya chekechea, hasa katika maeneo ambako watoto wengi walikuwa hawaendi. Samuel Berlinski, Sebastian Galiani na Paul Gertler waliwafuatilia watoto wa maeneo hayo hadi gredi ya tatu na kulinganisha alama zao za Kihispania na Hisabati. Waligundua kwamba mwaka mmoja wa chekechea ulipandisha alama za gredi ya tatu kwa takriban asilimia 8 ya wastani. Tuseme wastani wa darasa ni alama 60 kwa 100. Asilimia 8 ya hiyo ni karibu alama tano.

Alama tano si muujiza. Hakuna mtoto atakayetoka mkiani hadi nafasi ya kwanza kwa ajili ya chekechea. Lakini hizo ni alama tano miaka mitatu baada ya mtoto kuondoka chekechea, nazo hazikuja peke yake. Walimu wa gredi ya tatu walipoulizwa, walisema watoto hao walikuwa makini zaidi, walijitahidi zaidi, walishiriki darasani na walikuwa na nidhamu bora. Nchi jirani ya Uruguay ilileta ushahidi wa aina nyingine. Huko watafiti waliwalinganisha ndugu wa nyumba moja, mmoja aliyepita chekechea na mwingine aliyeikosa. Kufikia umri wa miaka 15, aliyepita chekechea alikuwa amepata masomo zaidi kwa karibu miezi kumi ya shule, na alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado anasoma.

Tungeweza kuishia hapo tukafurahi. Tusingekuwa waaminifu.

Jimbo la Tennessee, Marekani, lina chekechea ya umma kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Nafasi zilipopungua kuliko maombi, watoto walichaguliwa kwa bahati nasibu, na hiyo ikawapa watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt njia safi ya kulinganisha: waliopata nafasi na waliokosa walitofautiana kwa bahati tu. Walifuatiliwa watoto karibu 3,000. Mwisho wa mwaka wa chekechea, waliopata nafasi walikuwa mbele. Mwaka uliofuata wenzao waliwafikia. Kufikia gredi ya tatu waliopita chekechea walikuwa nyuma kidogo, na ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2022 ilionyesha kwamba katika gredi ya sita walikuwa nyuma katika masomo na walikuwa na kesi nyingi zaidi za utovu wa nidhamu.

Habari hiyo si tamu kwa ofisi inayowaomba wakazi wawalete watoto chekechea. Hata hivyo ndiyo inayotufunza zaidi. Dale Farran, mmoja wa watafiti hao, ameeleza kwamba katika madarasa waliyotembelea muda mwingi ulipotea kwa kupanga foleni, kusubiri, na kukaa kimya ukimsikiliza mwalimu akizungumza na darasa zima. Mtoto wa miaka minne akifanyiwa hivyo siku nzima hujifunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kwamba shule inachosha.

Kabla hatujaondoka Marekani, kuna Boston. Huko nako kulikuwa na bahati nasibu ya nafasi za chekechea za umma, kati ya 1997 na 2003, iliyohusisha watoto zaidi ya 4,000. Katika mitihani ya shule ya msingi haikuonekana tofauti ya maana kati ya waliopata na waliokosa. Lakini walipokua, waliopata nafasi walijiunga na chuo kwa wakati kwa wingi zaidi, tofauti ikiwa watu 8 kwa kila mia. Kwa hiyo mzazi asiyeona mabadiliko kwenye ripoti ya gredi ya tatu asikate shauri haraka kwamba chekechea ilikuwa kazi bure.

Tukiyaweka pamoja, Argentina na Tennessee hazipingani. Zote zilikuwa na chekechea ya umma. Swali ni kilichotokea ndani yake, na kilichofuata baada yake. Na kabla ya hayo yote kuna swali dogo ambalo wazazi hawaliulizi sana: je, mtoto alikuwepo?

Siku moja kwa wiki

Kuandikishwa ni jambo moja, kuhudhuria ni jambo jingine. Jina linaweza kuwa kwenye daftari la mwalimu mwaka mzima na mtoto awe nyumbani nusu ya mwaka huo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilichunguza jambo hili katika chekechea za umma za jiji lao na kutoa ripoti mwaka wa 2013. Walimhesabu kuwa mtoro sugu mtoto yeyote aliyekosa siku moja au zaidi kati ya kila kumi. Walikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa miaka mitatu, na zaidi ya theluthi moja ya wale wa miaka minne, walikuwa katika kundi hilo. Watoto hao waliingia shule ya msingi wakiwa na ujuzi mdogo wa herufi, hesabu na kuishi na wenzao. Waliendelea kukosa shule hata katika madarasa ya juu. Na waliokuwa watoro sugu mwaka baada ya mwaka walifika gredi ya pili wakiwa nyuma kwa kusoma.

Sasa tufanye hesabu ya hapa kwetu. Tuseme mtoto anakosa siku moja tu kwa wiki, labda siku ya soko, kwa kuwa mama hana wa kumpeleka wala wa kumpokea saa sita. Siku moja kati ya tano. Miaka miwili ya PP1 na PP2 ina mihula sita. Moja ya tano ya mihula sita ni zaidi ya muhula mzima. Mtoto huyo atafika Gredi ya 1 akiwa amekosa muhula mzima na ushei, na hakuna mtu aliyewahi kumwita mtoro, kwa sababu kila wiki alionekana shuleni siku nne.

Hasara yenyewe haiko katika jumla peke yake. Mwalimu wa chekechea hujenga juu ya jana. Jumatatu watoto wamepiga makofi kwa kila silabi ya neno kikapu: ki, ka, pu. Jumanne wametafuta maneno mengine yanayoanza kwa ka. Jumatano wameiona ka ikiandikwa kwenye kadi. Aliyekosa Jumanne anaiona kadi ya Jumatano kama mchoro tu. Kiswahili kinamsaidia sana msomaji mchanga kwa vile kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa, lakini msaada huo humfaa mtoto ambaye sikio lake limeshazoea kulikata neno katika silabi. Hiyo ndiyo kazi ya PP1, na hufanywa kwa mdomo, kwa makofi na kwa vitendawili, muda mrefu kabla ya kalamu.

Mtoto wa miaka minne hatoroki shule. Anayekosekana amekosekana kwa uamuzi wa mtu mzima au kwa shida ya mtu mzima. Huko Chicago sababu kubwa kabisa ilikuwa maradhi, na nyingine ilikuwa shida ya usafiri na ya nani abaki na mtoto saa za chekechea zikiisha. Sababu hizo hazitofautiani sana na zetu, ila sisi tunaongeza mto uliofurika wakati wa masika, kaka mkubwa aliyekuwa akimshika mkono ambaye leo hakuenda shule, na asubuhi ambayo hakukuwa na kitu jikoni.

Baadhi ya hizo familia inaweza kuzipunguza. Majirani wenye watoto wa PP1 na PP2 wanaweza kupeana zamu ya kuwapeleka na kuwapokea, na nyanya aliye karibu na shule mara nyingi anakubali akiombwa. Mafua madogo yasiyo na homa si lazima yamweke mtoto nyumbani, ingawa kuhara na homa lazima zimweke. Siku ya dawa za minyoo shuleni isipite. Utafiti ulioanza mwaka wa 1998 katika shule 75 za msingi huko Busia ulionyesha kwamba dawa hizo zilipunguza kukosa shule kwa karibu robo, na ingawa wataalamu wamebishana juu ya mahesabu yake, dawa yenyewe ni rahisi na inatolewa bure.

Nyingine haziwezi kuachiwa familia. Uji wa shuleni ni mfano. Nairobi ilianza mwaka wa 2023 mpango wa Dishi na County, ambapo mzazi hulipa shilingi tano kwa mlo wa mtoto, chekechea ikiwemo, na gharama iliyobaki hubebwa na serikali. Si kila kaunti ina jikoni za namna hiyo, lakini sufuria moja ya uji, iliyo na mpishi anayelipwa na maji ya kuoshea mikono, huwaleta watoto shuleni asubuhi kuliko hotuba yoyote.

Wanacheza tu?

Turudi kwa mzazi anayelalamika kwamba watoto wanacheza tu. Ukipita darasa la PP2 ukaona watoto wanne wamekaa chini na vizibo vya soda, wakivipanga kumi kumi na kubishana nani amezidisha, hapo kuna somo la hesabu. Ukiona wengine wanacheza mdako, wakirusha jiwe na kuokota mawili, halafu matatu, wanahesabu na wanaifundisha mikono itakayoshika penseli. Mtoto anayengoja zamu yake ya kupanda bembea anajifunza kile ambacho mwalimu wa Gredi ya 1 mwenye watoto wengi atakihitaji kuliko herufi zote: kuweza kusubiri bila kulia.

Hili halina maana kwamba kila mchezo ni somo. Darasa ambalo watoto wameachwa wazurure uwanjani saa tatu huku mwalimu akiandika ripoti halina tofauti na kukaa nyumbani, na mzazi ana haki ya kuuliza. Mchezo wa chekechea unapangwa. Mwalimu anajua leo anataka watoto watofautishe kubwa na ndogo, ameleta maganda, mbegu na mawe, na anapita kati yao akiuliza maswali.

Mwalimu wa namna hiyo hatokei hivi hivi. Kati ya 2014 na 2018 kulikuwa na mpango ulioitwa Tayari katika kaunti za Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu. Walimu wa chekechea walipewa mafunzo, miongozo ya kufundishia na vitabu vya watoto, na kisha, jambo ambalo mimi naona ndilo la maana zaidi, wakatembelewa darasani mara kwa mara na maafisa waliokaa, wakatazama somo, wakashauriana nao baadaye. Watoto wao walipimwa wakaonekana wako tayari zaidi kwa shule ya msingi kuliko watoto wa vituo ambavyo havikupata msaada huo. Huku Pwani, Zanzibar na Uganda, mpango wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ulitazamwa vivyo hivyo. Watoto waliosoma chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wale wa chekechea za madrasa, ambazo walimu wao walifunzwa na kutembelewa, waliwazidi wenzao wa chekechea nyingine.

Upande wa pili wa lalamiko, ule wa daftari lililojaa, nao ulipimwa, na matokeo yake yaliwashangaza wengi. Jijini Accra na viunga vyake nchini Ghana, shule 240 za umma na za binafsi ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walimu walifunzwa kufundisha kwa michezo na kwa upole. Kundi la pili walimu walipata mafunzo yale yale, na wazazi nao wakaitwa mikutanoni kuonyeshwa video kuhusu umuhimu wa kujifunza kwa kucheza. Kundi la tatu halikupata kitu. Ungetegemea kundi la pili liongoze. Watoto wa kundi la kwanza walifaidika. Katika kundi la pili faida hiyo ilipotea. Kumwambia mzazi kwamba mchezo ni somo hakukutosha, na huenda kulimfanya baadhi yao aikaze kamba zaidi, adai herufi na hesabu za daftarini.

Kwa hiyo sitarajii makala haya yambadilishe mtu kwa maneno. Mzazi anayetilia shaka aende shuleni asubuhi moja, aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, akae nyuma ya darasa la PP1 kwa saa moja. Akitoka hapo atakuwa na maswali yake mwenyewe, na hayo yatamsaidia mwalimu.

Lugha ni neno la haraka. Sera ya elimu inasema mtoto wa chekechea na wa gredi za kwanza afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, yaani lugha ya mama mashambani, au Kiswahili panapokaa watu wa lugha nyingi. Mzazi anayedai Kiingereza kitupu katika PP1 anamwomba mwalimu amfundishe mtoto kusoma maneno asiyoyajua maana yake.

Mlango wa Gredi ya 1

Sasa ule mlango tuliouacha mwanzoni. Chicago, mji ule ule wa utafiti wa mahudhurio, ina vituo vya umma vya watoto na wazazi vilivyoanzishwa mwaka wa 1967. Arthur Reynolds na wenzake waliwafuatilia watoto 1,539 waliozaliwa 1979 na 1980, hadi wakawa watu wazima. Waliosoma katika vituo hivyo walirudia madarasa kwa uchache na wengi zaidi walimaliza sekondari. Vituo hivyo vilikuwa na mambo mawili ambayo chekechea nyingi hazina. Wazazi walikuwa na chumba chao shuleni na kazi ya kufanya ndani yake. Na msaada haukukatika mtoto alipotimiza miaka sita: uliendelea hadi gredi ya tatu.

Hapa kwetu, mtoto anapovuka kutoka PP2, mara nyingi hakuna kinachovuka naye. Mwalimu wa kaunti anajua kwamba huyu anasikia vibaya sikio la kushoto, yule anahesabu hadi hamsini lakini hawezi kushika penseli, na mwingine hasemi mbele za watu ila akiwa na dada yake. Mwalimu wa TSC, umbali wa hatua ishirini, anaanza kuyagundua upya. Anaweza kutumia muhula wa kwanza wote akiwafundisha tena silabi walizozijua, na wale waliokuwa mbele wanasubiri wenzao hadi faida yao inaisha. Wataalamu wengi wanadhani hivyo ndivyo faida ya chekechea inavyoyeyuka, na sioni sababu ya kuwapinga.

Dawa yake haihitaji pesa nyingi. Walimu hao wawili wakae pamoja siku moja mwishoni mwa muhula wa tatu, mmoja akiwa na rekodi za watoto, mwingine akiwa na kalamu. Watoto wa PP2 wapelekwe kukaa Gredi ya 1 asubuhi chache kabla ya kufunga shule. Mwalimu mkuu anaweza kuyapanga haya yote bila kungoja barua kutoka kwa mtu, na kamati ya wazazi inaweza kumuuliza kama ameyapanga.

Wakati wa kuuliza

Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, ombi linalosikika mara nyingi kuhusu chekechea ni darasa jipya. Linaeleweka. Jengo linaonekana, linazinduliwa, lina kibao. Mshahara wa mwalimu, nauli ya afisa anayemtembelea, na unga wa uji havina kibao. Ila ukiangalia Argentina, Tayari na Accra kwa pamoja, utaona kwamba jengo ni mwanzo wa kazi, na sehemu iliyobaki ni watu. Mkazi anayesimama kikaoni anaweza kuuliza ni walimu wangapi wa chekechea wameajiriwa kwa mkataba na wangapi kwa kudumu, kila mmoja ana watoto wangapi, alitembelewa darasani mara ngapi mwaka uliopita, na watoto waliohudhuria kwa kweli ni wangapi kati ya walioandikishwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, taarifa ya mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni ya wakazi hupokelewa kabla ya tarehe hizo. Tarehe za vikao hupatikana kwa msimamizi wa wadi, na anayeshindwa kufika anaweza kutuma maoni yake kwa maandishi kupitia ofisi hiyo.

Kwa kuandikisha mtoto wa PP1, mzazi au mlezi afike katika shule ya umma iliyo karibu akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi ya kliniki. Asiye na cheti asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Amwone chifu ili aanze kukitafuta, na azungumze na mwalimu mkuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani ili aandikishwe, kwa hiyo mtoto wa miaka minne asiyejua kuandika jina lake amefika mahali panapomfaa. Mzazi aulize pia siku hiyo hiyo saa ya kufungua na kufunga, kama kuna uji, na ni nani wa kuambiwa mtoto anapougua, ili mwalimu asikae akilitazama daftari bila kujua mtoto yuko wapi.